Wasomaji Wanaoruka Kurasa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu nipate kusema neno juu ya ubishi unaozuka kila mahali wanafunzi wanapoazimana vitabu. Ubishi huo ni juu ya zile hadithi zinazochanganya mambo matatu: vita, mapenzi, na mashaka ya kutojua litakalotokea ukurasa wa mbele. Wako wavulana wasemao, "Hadithi ilikuwa nzuri mpaka alipoingia yule msichana." Na wako wengine, hasa dada zetu, wasemao, "Mapenzi yalikuwa matamu, lakini zile habari za bunduki na baruti nimeziruka." Mimi nasema hawa wote wamekula nusu ya chakula, kisha wanamlaumu mpishi.

Ubishi wa vitabu bila kitabu mkononi ni kelele tu. Basi na tushike kitabu kimoja, tukipime pamoja. Nacho ni For Whom the Bell Tolls, alichokitoa Mmarekani Ernest Hemingway mwaka 1940. Jina hilo alilichukua katika maandishi ya mhubiri Mwingereza John Donne ya mwaka 1624, na maana yake kwa kifupi ni kwamba kifo cha mtu mmoja ni msiba wa watu wote.

Mwandishi huyu si mgeni kabisa katika Uganda. Tarehe 23 Januari 1954 eropleni ndogo aliyopanda pamoja na mkewe iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison ikaanguka. Kesho yake waliokolewa kwa mashua, wakafikishwa Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Hapo wakapanda eropleni ya pili, nayo ikashika moto ilipokuwa ikitaka kuruka. Magazeti ya ulimwengu yalikuwa yamekwisha kutangaza kuwa amekufa, hata akapata kuzisoma kwa macho yake habari za kifo chake mwenyewe. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel ya uandishi, asiweze kwenda Stockholm kuipokea kwa ajili ya majeraha.

Vita alivijua. Mwaka 1918, akiwa na miaka 18, alijeruhiwa katika Italia, alikokuwa akihudumu katika magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu. Mwaka 1937 alikwenda Hispania kuyaandikia magazeti. Huko, tangu Julai 1936, majeshi yaliyoasi, ambayo baadaye yaliongozwa na Jenerali Franco, yalikuwa yakipigana na serikali ya Jamhuri. Hitler na Mussolini waliwasaidia waasi. Warusi waliisaidia Jamhuri. Na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walikuja kupigana upande wa Jamhuri, Wamarekani peke yao wakiwa kiasi cha 2,800. Vita vilikwisha mwaka 1939, na Franco ndiye aliyeshinda.

Sasa hadithi yenyewe. Ni ya siku tatu na ushei tu, mwishoni mwa Mei 1937, ingawa imeandikwa katika sura 43. Robert Jordan ni Mmarekani, mwalimu wa lugha ya Kihispania kutoka Montana. Amepewa amri na jenerali wake aende katika milima ya Guadarrama, nyuma ya mistari ya adui, akalipue daraja moja. Lakini si kulipua tu. Sharti alilipue saa ile ile jeshi la Jamhuri litakapoanza kushambulia, wala si kabla. Ili kuifanya kazi hiyo yampasa asaidiwe na kikundi cha wapiganaji wa msituni wanaoishi pangoni. Mkubwa wao, Pablo, alikuwa shujaa zamani, lakini sasa ana farasi, ana mvinyo, na ana hofu. Mkewe, Pilar, ana moyo wa kiume kuliko wanaume wote waliopo. Yupo mzee Anselmo, mwindaji mwaminifu. Na yupo Maria, msichana ambaye wazazi wake waliuawa na askari wa adui, naye mwenyewe akanyolewa nywele na kutendwa uovu mkubwa. Robert Jordan na Maria wanapendana tangu siku ya kwanza.

Basi tuwasikilize kwanza wale watakao mapenzi yatolewe. Wasidhani kwamba wao ndio wa kwanza kusema hivyo. Kitabu kilipotoka tu, Alvah Bessie, Mmarekani aliyekwenda kupigana Hispania kwa mikono yake, alikishambulia katika gazeti la New Masses. Kwa maoni yake mambo ya moyo wa mtu mmoja na mpenzi wake yamekuzwa mpaka yakaifunika kazi kubwa ya taifa zima. Baadhi ya wenzake waliopigana huko wakaandika barua ya wazi kulalamika juu ya namna wakubwa wa upande wao walivyoelezwa. Hao hawakuwa wasomaji wa kivulini. Walizika rafiki zao katika nchi ile, na neno lao lina uzito.

Hata hivyo, juu ya mapenzi sikubaliani nao. Tazameni Robert Jordan alivyo kabla hajamjua Maria. Ni fundi wa baruti. Amekwisha kujihesabu kuwa chombo cha kazi, kama nyundo au msumeno, na chombo kikivunjika huletwa kingine. Nani atalala macho kwa ajili ya msumeno? Lakini anapopata mtu wa kumpenda, maisha yake yanakuwa na thamani machoni pake, na hapo ndipo sisi wasomaji tunapoanza kuogopa. Ukimtoa Maria, daraja lile linakuwa somo la uhandisi. Mtu asiye na cha kupoteza hatutishi anapokaribia hatari.

Sasa tuwageukie wale wanaoruka bunduki. Ndugu zangu, toeni daraja, mtabaki na nini? Vijana wawili chini ya misonobari wakiambiana maneno matamu. Maneno ya namna hiyo kila mtu amekwisha kuyasikia au kuyasema, na yakikusanywa bila kazi nyingine yanachosha upesi kama asali inayoliwa kwa kijiko. Yanakuwa makubwa katika kitabu hiki kwa sababu saa zimehesabiwa. Wapendanao hawa wanajua ni asubuhi ya siku gani kazi itafanywa. Wanajaribu kuyaweka maisha ya miaka 70 katika saa zipatazo 70. Asiyesoma habari za fataki, ulinzi wa barabara na magari yanayopita darajani hawezi kujua saa hizo zinavyokwenda mbio.

Na hapa nataka kusema juu ya mashaka, maana wengi hudhani mashaka ya hadithi ni kufichwa jambo hadi mwisho. Sivyo. Hemingway hafichi sana. Mapema kabisa Pilar anautazama mkono wa Robert Jordan kama wafanyavyo wapiga ramli, anaona kitu, kisha anakataa kusema alichokiona. Tangu hapo msomaji ana shaka yake moyoni. Kazi ya mwandishi ni kutufanya tutumaini kwamba tumekosea. Mara theluji inaanguka, ingawa ni mwezi wa Mei, nayo inahifadhi nyayo za farasi. Nyayo hizo zinawapeleka adui hadi kwa kikundi rafiki cha mzee El Sordo. Mara Pablo anatoroka usiku na fataki za kulipulia. Kila pigo linatoka katika jambo tulilokwisha kuonyeshwa, wala hakuna adui anayeshuka kutoka mbinguni kwa kumsaidia mwandishi.

Kwa maoni yangu kurasa bora za mashaka ni zile zisizo na risasi hata moja. Robert Jordan anatambua kwamba adui amekwisha kujua habari za shambulio. Anaandika barua kwa jenerali kushauri lisimamishwe, akamkabidhi kijana aitwaye Andrés. Kijana anavuka salama upande wa adui. Anayemchelewesha ni upande wake mwenyewe. Walinzi wanambishia, maofisa wanamhoji, magari yameziba njia, na mkubwa mmoja mwenye kumshuku kila mtu anamkamata yeye na barua yake. Wakati huo wote eropleni zinajiandaa. Mtu aliyewahi kuzungushwa dirisha kwa dirisha akitafuta muhuri mmoja, huku jambo lake likiharibika, atazisoma kurasa hizo huku ameuma meno.

Liko kundi la tatu la wasomaji, nalo huuliza swali gumu zaidi: je, mambo haya ni ya kweli? Arturo Barea, Mhispania aliyefanya kazi Madrid wakati wa vita akikagua habari za waandishi wa nchi za nje, aliandika mwaka 1941 kwamba kitabu hiki si Hispania, bali ni Hemingway. Alisema kwamba Mmarekani huyu aliijua vyema Hispania ya uwanja wa ng'ombe na matador, kisha akadhani ndiyo Hispania nzima. Na kwamba maneno aliyoyatia vinywani mwa wakulima si maneno yao. Mimi namwamini Barea katika jambo la lugha, kwa maana mgeni hata akikaa miaka kumi katika kijiji chetu, mtoto mdogo atamcheka anapotumia methali zetu. Sisi tumesoma vitabu vingi vya wageni juu ya Afrika, na twajua uchungu wa kujiona katika kioo kilichopinda.

Lakini katika kitabu hicho hicho imo sura moja ambayo wasomaji wengi huiruka kwa kuwa ni ndefu, wala haina daraja wala mapenzi. Pilar anasimulia mji mmoja ulivyochukuliwa na watu wa Jamhuri siku za kwanza za vita. Wafuasi wa upande wa pili wapatao 20 walifungiwa katika nyumba ya baraza la mji. Kisha wakatolewa mmoja mmoja, wakapitishwa kati ya mistari miwili ya wanakijiji wenye zana za kupuria nafaka, wakapigwa, wakatupwa gengeni mtoni. Wengine walikuwa watu waovu, lakini wengine walikuwa majirani wa kawaida. Mwanzoni wanakijiji waliona haya. Kisha pombe ikaingia, na haya ikatoka. Aliyeipanga shughuli hiyo ni Pablo, mume wa msimulizi mwenyewe.

Sasa fikirini. Hemingway alikuwa mtu wa Jamhuri, naye alisaidia kutafuta fedha za magari ya wagonjwa kwa ajili yao. Angeweza kuandika ubaya wa Franco tu, na marafiki zake wangempigia makofi. Badala yake aliandika aibu ya upande alioupenda. Tena alimpa adui uso wa mtu. Yumo Luteni Berrendo wa upande wa pili, ambaye rafiki yake ameuawa, naye anamwombea dua akishuka mlimani. Na yumo mzee Anselmo, ambaye anaua inapobidi lakini anaona kwamba kuua ni dhambi, na kwamba vita vikiisha itawapasa watu wote watafute namna ya kujitakasa. Si ajabu basi kwamba kitabu hiki hakikuwapendeza wakubwa wa pande zote mbili. Franco hakukitaka katika nchi yake, na katika Urusi ya Kisovieti hakikuchapishwa kwa watu wote hadi 1968. Hata Marekani, Nicholas Murray Butler, mkuu wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikizuia kisipewe tuzo ya Pulitzer mwaka 1941, na mwaka huo hapakuwa na riwaya yoyote iliyoipata.

Sifa hizo hazinizuii kutaja kasoro kubwa, na kasoro hiyo wasichana wameiona kuliko sisi. Tulipojadiliana na wanafunzi wa shule moja ya wasichana, mmoja wao alisimama akauliza, "Huyu Maria ana mawazo gani ya kwake mwenyewe?" Wavulana walikaa kimya, maana jibu ni gumu kulipata. Maria anapenda, anatii, anauliza namna ya kumtumikia mpenziwe. Na lile jeraha lake kubwa mwandishi anataka tuamini kwamba linaanza kupona kwa usiku mmoja, eti kwa sababu amependwa. Mapenzi si sindano. Katika Uganda, vita vya kaskazini vilivyoanza katika miaka ya 1980 vilidumu takriban miaka ishirini, na wako wanawake waliochukuliwa msituni wakiwa na umri mdogo kuliko wenu. Waulizeni walezi wao kama jeraha la namna hiyo hupona kabla jogoo hajawika mara tatu. Hapa mwandishi alishindwa, na afadhali tuseme wazi.

Kwa bahati njema Pilar anaokoa sehemu kubwa ya hasara hiyo. Huyo ni mwanamke mwenye akili, wivu, hasira, huruma na mzaha, wala hakuumbwa ili kumpendeza mwanamume yeyote. Kitabu kilipofanywa sinema mwaka 1943, Gary Cooper na Ingrid Bergman wakiigiza wapendanao, aliyepata tuzo ya Oscar alikuwa Katina Paxinou, aliyemwigiza Pilar. Watazamaji wale hawakuwa wajinga.

Tena yafaa tujue kwamba hata watu wa vita wenyewe hukisoma kitabu hiki kwa namna mbalimbali. Fidel Castro wa Kuba alisema kwamba kilimfunza jambo juu ya vita vya msituni nyuma ya mistari ya adui. John McCain, rubani wa Marekani aliyefungwa katika Vietnam kwa zaidi ya miaka mitano, hadi 1973, alimpenda Robert Jordan tangu utoto wake. Mmoja Mkomunisti, mwingine adui wa Ukomunisti, na shujaa wao ni yule yule mwalimu wa Kihispania. McCain alivutwa na mtu anayeitimiza amri ngumu ingawa anaona makosa ya waliomtuma. Mimi nawaomba wasomaji vijana wafikiri hapo polepole. Je, ni utii mwema kulipua daraja wakati unajua shambulio limekwisha kuharibika? Ndipo vijana wafanyapo vikundi viwili katika majadiliano, na ndipo kitabu kinapofanya kazi yake.

Sasa, Bwana Mhariri, nataka kusema kwa nini naona jambo hili si mchezo. Siku hizi hadithi za askari na mapenzi ni nyingi, na masanduku ya vitabu vilivyokwisha kutumika yaletwapo shuleni hazikosekani humo. Jalada lina mwanamume mwenye kifua kipana na bunduki. Ndani yake askari ni hodari daima, adui hana jina wala mama, msichana anaokolewa, na risasi humpata mtu wa pembeni tu, yule tuliyeonyeshwa picha ya mkewe ukurasa uliopita. Sisemi zichomwe moto. Zinaburudisha, na mtoto anayesoma hadithi dhaifu leo atasoma nzuri kesho. Lakini wako kati yenu watakaovaa sare. Kuanzia mwaka 2007 askari wa Uganda walipelekwa Somalia, na wako wanafunzi waliosubiri simu ya baba, au ya kaka, usiku kucha. Hao hawawezi kudanganywa kwamba risasi humchagua mtu wa pembeni. Hadithi inayowaambia hivyo inawafundisha uongo, nao watakapohitaji ukweli hawataukuta rafuni.

Kwa hiyo nawapa maswali matatu ya kukipimia kitabu chochote cha namna hii. La kwanza: je, mapenzi yamemfanya askari aogope kufa, au yamewekwa tu ili ukurasa upate joto? La pili: je, hatari inatoka katika tabia za watu na mambo tuliyoonyeshwa, au inaletwa na kuondolewa kama mwandishi apendavyo? La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote: je, mwandishi amethubutu kutaja ubaya wa upande wake mwenyewe? Hadithi nyingi zitapita swali la kwanza. Chache zitapita la pili. Na zile zinazopita la tatu mtazikumbuka mpaka mzeeke. Hemingway, pamoja na kasoro ya Maria, amepita yote.

Mwisho wa kitabu siwaambii. Wanafunzi wa zamani walioumaliza wanafahamu kwa nini nanyamaza, na vijana hawatanishukuru nikiwaharibia. Nasema hili tu: atakayekuwa ameruka mapenzi ataufikia ukurasa wa mwisho asijue mtu yule anaacha nini. Atakayekuwa ameruka daraja hatajua kwa nini yuko pale. Na atakayekuwa ameiruka simulizi ya Pilar atadhani kwamba wanaokuja barabarani juu ya farasi ni adui tu, wala si watu.

Wenye maoni mengine nawaalika waandike katika toleo lijalo, hasa wasichana, ambao mpaka sasa wametuzidi kwa hoja.

Wasalaam,

Mimi,
Mwanafunzi wa Zamani